Kutoka tetesi hadi jibu: mwongozo kamili kwa mwanafunzi anayetaka kujua ukweli wa jambo

Maswali yanayowashughulisha wanafunzi zaidi hayatoki kwenye mtaala. Yanatoka bwenini, kwenye kundi la darasa, kwenye klipu ya sekunde thelathini iliyotumwa usiku. Je, vinywaji vya kuongeza nguvu vinaharibu moyo? Je, shule zikipiga marufuku simu, maksi zinapanda kweli? Je, ni kweli kwamba wanamuziki mashuhuri hufa wakiwa na miaka 27? Mmoja anauliza, watano wanajibu kwa pamoja, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na ushindi.

Katika kusimamia kazi za wanafunzi nimejifunza jambo moja ambalo lilibadilisha namna ninavyofundisha: dai likiwa na kasoro, mara nyingi hakuna aliyedanganya. Lilianza likiwa kamili, likiwa na watu waliopimwa, kiasi, muda na mipaka yake. Likapita kwa mwandishi mmoja, akakata kipande ili kichwa cha habari kitoshe. Likapita kwa mwenye ukurasa, akakata kingine ili lisisimue. Lilipokufikia lilikuwa mfupa bila nyama. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kupanda mto kurudi hadi chemchemi, ukiokota vipande vilivyodondoka njiani. Nitayatumia maswali hayo matatu kama mifano.

## Hatua ya 1: Andika dai kwa sentensi moja inayoweza kukanushwa

Chukua karatasi. Andika unachotaka kujua kwa sentensi moja, kisha jiulize: ni ushahidi gani ungenifanya niseme sentensi hii si kweli? Kama huoni wowote, bado hujapata swali.

"Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vibaya" haipimiki. Vibaya kwa nani, mtoto wa miaka 12 au mtu mzima? Kopo moja kwa mwezi au matatu kila usiku wa mtihani? Kwa moyo, kwa meno au kwa usingizi? Ibane kidogo, nayo inakuwa hivi: "Mwanafunzi wa kilo 50 akinywa kopo la mililita 500 jioni, anavuka kiwango cha kafeini kinachohesabiwa kuwa salama kwa siku, na usingizi wake unapungua." Sentensi hii ina mtu, ina kiasi, ina saa. Unaweza kuifuata hadi mwisho.

Swali la simu linakuwa: "Kupiga marufuku simu shuleni kunapandisha matokeo ya mitihani, hasa ya wanafunzi walio nyuma." La wanamuziki linakuwa: "Mwanamuziki mashuhuri ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa akiwa na miaka 27 kuliko akiwa na 25 au 32." Angalia hapo mwisho: ghafla kuna kitu cha kulinganisha nacho. Dai lisilo na kitu cha kulinganisha nacho halina uzito wowote, hata likitamkwa na profesa.

Ipe hatua hii robo saa nzima. Wanaoiruka hutumia siku tatu kukusanya makala zisizojibu kitu kimoja.

## Hatua ya 2: Moyo ukianza kwenda mbio, weka simu chini

Hasira, hofu na furaha ya "nilijua tu!" ndizo zinazotufanya tusambaze kabla ya kusoma. Ukihisi mojawapo, subiri. Dakika kumi zinatosha. Na kama dai linakubaliana kabisa na unachokiamini tayari, subiri zaidi, kwa sababu hapo ndipo macho yetu yanapofumba yenyewe.

## Hatua ya 3: Ondoka kwenye ukurasa ulioukuta

Wengi wetu tulifundishwa kuukagua ukurasa wenyewe: je, umepangwa vizuri, una nembo, una marejeleo, anwani yake inaishia na nini? Ushauri huo umepitwa na wakati. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama watu 45 wakitathmini tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa ukweli 10 wanaofanya kazi hiyo katika vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma juu hadi chini, na mara nyingi wakalaghaiwa na nembo na majina yenye hadhi. Wakaguzi waliutupia jicho tu, wakafungua vidirisha vipya, wakaenda kuuliza wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Walifika kwenye jibu sahihi, tena kwa muda mfupi.

Moja ya mitihani yao inafaa kukumbukwa. Kuna American Academy of Pediatrics, chama kikuu cha madaktari wa watoto nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1930 na chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Kuna pia American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa tofauti za msimamo wa kijamii. Ukisoma kurasa zao tu, zote mbili zinaonekana za madaktari. Tofauti unaipata nje, kwa kuuliza habari za wenye nyumba kwa majirani.

Fanya hivi. Fungua kidirisha kipya. Andika jina la shirika au la mtu, ongeza neno kama "nani anamiliki", "ufadhili" au "ukosoaji". Soma matokeo matano ya mwanzo kabla ya kubofya lolote. Wikipedia inafaa sana hapa, ingawa walimu wengi huipiga vita: soma aya ya kwanza upate picha, kisha shuka chini kwenye tanbihi, kwa kuwa huko ndiko njia ya kwenda chemchemini inakoanzia. Usiinukuu yenyewe. Itumie kama mtu anayekuelekeza njia.

## Hatua ya 4: Panda hadi chemchemi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapokuomba uwe na subira.

Tuchukue simu shuleni. Mwaka 2015 vyombo vingi vya habari viliandika kwamba shule za Uingereza zilizopiga marufuku simu zilipata ongezeko la asilimia 6.4 katika matokeo. Namba hiyo inasikika vizuri mdomoni. Mwanafunzi anaielewa hivi: nilikuwa nikipata 60, sasa nitapata 66.

Sasa panda. Habari inataja watafiti wa uchumi na chuo kikuu cha London School of Economics. Andika maneno matatu au manne ya habari hiyo kwenye Google Scholar, ambayo hutafuta machapisho ya kitaaluma, na utaipata karatasi yenyewe. Wasomi wawili walichunguza shule 91 za sekondari katika miji minne ya Uingereza, wakalinganisha matokeo ya kabla na baada ya marufuku. Walichokikuta ni ongezeko la asilimia 6.4 ya mkengeuko sanifu. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyodondoka njiani.

Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi maksi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Tuseme katika mtihani fulani mkengeuko huo ni maksi 15. Asilimia 6.4 ya 15 ni karibu maksi moja. Moja, si sita. Na ndani ya karatasi hiyo hiyo kuna jambo zuri zaidi ambalo namba hiyo moja haikulionyesha: faida ilikuwa kubwa kwa wanafunzi waliokuwa nyuma, karibu asilimia 14 ya mkengeuko sanifu, na kwa waliokuwa mbele haikuonekana. Kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito. Sera inayowasaidia walioachwa nyuma bila kuwaumiza walio mbele inastahili kujadiliwa kwa utulivu, si kwa namba iliyovimba.

Usiishie kwenye karatasi moja. Uliza: je, kuna mwingine aliyejaribu? Watafiti wa Sweden walirudia zoezi hilo katika shule za nchini mwao, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha athari yoyote kwenye maksi. Mwaka 2025 utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham ulilinganisha shule 30 zenye sheria kali na zenye sheria legevu, ukiwa na wanafunzi 1,227. Haukuona tofauti katika ustawi wa akili kati ya makundi hayo, lakini uliona kwamba waliotumia simu na mitandao ya kijamii kwa saa nyingi zaidi kwa siku walikuwa na hali mbaya zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mdahalo, jibu lako la kweli ni hili: ushahidi haujakubaliana, faida ikiwepo ni ndogo, na inaelekea kuwaangukia walio nyuma. Jibu hilo halipigiwi makofi mengi, lakini hakuna atakayeliangusha.

Ukifika kwenye karatasi ya kitaaluma usiisome kama hadithi. Anza na muhtasari wa juu. Ruka hadi sehemu ya mbinu: ni watu wangapi, wa umri gani, wa wapi, kwa muda gani? Panya si binadamu, na wanafunzi wa chuo kimoja hawawakilishi dunia. Kisha nenda sehemu ambayo watafiti wanataja mipaka ya kazi yao. Waaminifu huandika humo udhaifu ambao hutausikia kwenye habari. Mwisho tazama nani alilipia na kama wametaja mgongano wa maslahi. Fedha ya kampuni haibatilishi utafiti. Inakutaka usome mbinu mara mbili.

Kagua pia kama makala imeondolewa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu watoto 12 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilizua hofu iliyodumu miaka mingi. Ilipochunguzwa ilikutwa na udanganyifu, jarida likaiondoa mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Bado hadi leo kuna wanaoituma kwenye makundi kana kwamba imetoka jana. Kwenye PubMed, hazina ya bure ya machapisho ya tiba, makala iliyoondolewa huwekewa tangazo juu kabisa. Kuliangalia ni kazi ya sekunde tano.

## Hatua ya 5: Pima namba kabla hazijakupima wewe

Neno la kuogopa kuliko yote katika habari za afya ni "asilimia". Oktoba 1995, mamlaka ya usalama wa dawa nchini Uingereza ilitahadharisha kwamba aina fulani mpya za vidonge vya kuzuia mimba vinaongeza maradufu hatari ya kuganda kwa damu kwenye mishipa. Maradufu, yaani asilimia 100! Wanawake wengi waliacha vidonge ghafla. Lakini namba zenyewe zilikuwa hivi: kwa vidonge vya zamani, karibu mwanamke 1 kati ya 7,000 alipata tatizo hilo, kwa vipya, 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata England na Wales zilikadiriwa kuwa na utoaji mimba wa ziada upatao 13,000. Ujauzito wenyewe una hatari ya kuganda damu iliyo kubwa kuliko ya vidonge hivyo. Kisa hiki hunichoma kila ninapokifundisha, kwa sababu taarifa ilikuwa ya kweli. Ilikosa sentensi moja tu.

Kwa hiyo ukisoma "hatari imeongezeka kwa asilimia 50", uliza papo hapo: kutoka wangapi hadi wangapi? Kutoka watu 2 hadi 3 kati ya 10,000 ni asilimia 50. Kutoka 20 hadi 30 kati ya 100 pia ni asilimia 50. La kwanza linakuacha ulale. La pili linakutaka uchukue hatua leo.

Tofautisha pia kitu kinachoweza kudhuru na uwezekano wa kukudhuru wewe kwa kiasi unachotumia. Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aspartame, kitamutamu kinachotiwa kwenye soda zisizo na sukari, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Siku hiyo hiyo kamati nyingine ya wataalamu ilibakiza kiwango kinachokubalika kwa siku pale pale, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 70, ni lazima anywe kati ya makopo 9 na 14 au zaidi kwa siku ili akivuke, kama hapati aspartame kwingineko. Walioeneza nusu ya kwanza ya habari walikuwa wengi sana kuliko walioeneza nusu ya pili.

Sasa turudi kwenye kopo letu. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilitoa mwaka 2015 viwango vya kafeini: kwa mtu mzima mwenye afya, hadi miligramu 400 kwa siku na si zaidi ya 200 kwa mkupuo, kwa watoto na vijana, miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Shika kalamu:

Uzito wako kwa kilo mara 3 = kiwango chako cha siku kwa miligramu.

Mwanafunzi wa kilo 50 anapata 150. Geuza kopo usome lebo. Vinywaji vingi vya aina hii vina miligramu 32 kwa kila mililita 100. Kopo la mililita 250 lina 80, la mililita 500 lina 160. Kopo moja kubwa tayari limemvusha, kabla hajahesabu chai, kahawa, soda ya kola na chokoleti. Sehemu ya kwanza ya dai letu imethibitika, kwa hesabu ya darasa la sita.

Na usingizi? Kafeini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa tano, ingawa watu wanatofautiana sana. Ukimaliza kopo la miligramu 160 saa kumi na moja jioni, saa nne usiku unabaki na kama 80, na saa tisa za usiku unabaki na kama 40. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu wazima 12 miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja. Watu 12 ni wachache na dozi ilikuwa kubwa, kwa hiyo usiseme "kopo moja linakunyang'anya saa moja". Sema kafeini ya jioni inaweza kula usingizi wako hata ukihisi umelala vizuri. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala saa 8 hadi 10, na ubongo huimarisha kilichosomwa mchana wakati wa usingizi. Usiku wa mtihani, kopo linakupa saa za kusoma kwa kukopa kwenye saa za kukumbuka.

Kuna mtego mmoja umebaki. Tafiti nyingi zinaona kwamba wanafunzi wanaokunywa vinywaji hivi hulala kidogo. Je, kinywaji ndicho kimewakosesha usingizi, au wanakunywa kwa sababu hawakulala? Au mzigo wa masomo umesababisha vyote viwili? Mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Ndiyo maana majaribio ambayo watu wanapewa dozi na kupimwa, kama hilo la mwaka 2013, yana thamani hata yakiwa madogo.

## Hatua ya 6: Uliza nani hayumo kwenye orodha

Jimi Hendrix na Janis Joplin, 1970. Jim Morrison, 1971. Kurt Cobain, 1994. Amy Winehouse, 2011. Wote walikuwa na miaka 27. Orodha inatetemesha, na anayeisoma hukumbuka methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Lakini orodha hiyo ilitengenezwa kwa kuwachagua waliokufa na 27. Hakuna aliyeandika orodha ya waliokufa na 26, wala ya walioishi hadi 80. Desemba 2011 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchunguzi wa wanamuziki 1,046 waliowahi kuwa na albamu namba moja nchini Uingereza kati ya 1956 na 2007. Waliofariki katika kipindi hicho walikuwa 71. Katika umri wa miaka 27 walifariki watatu, kiwango kinachokaribiana na cha miaka 25 na cha miaka 32. Hakuna kilele. Kilichoonekana ni kwamba wanamuziki hao, katika miaka yao ya ishirini na thelathini, walikufa kwa kiwango mara mbili hadi tatu ya watu wengine wa nchi hiyo.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Uchawi wa namba 27 umetoweka, na mahali pake pamekuja swali zito zaidi: umaarufu, ulevi, dawa za kulevya na upweke vinawafanya nini vijana hawa? Hivi ndivyo udadisi wa burudani unavyogeuka kuwa mada ya insha yenye hadhi.

Na msidhani wanafunzi ni wapokeaji tu wa tetesi. Mwaka 1969 uvumi kwamba Paul McCartney wa The Beatles alikufa na nafasi yake kuchukuliwa na mtu anayefanana naye ulipata nguvu kupitia magazeti ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Mwandishi mmoja wa gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Michigan alibuni maelezo mengi kwa mzaha, likiwemo jina la huyo mbadala, na watu wakayachukua kama ushahidi. Miaka zaidi ya hamsini baadaye bado yanazunguka.

## Hatua ya 7: Picha na klipu

Machi 2023 picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti jeupe nene lililovimba ilienea kote duniani. Ilitengenezwa kwa programu ya akili mnemba (AI). Mei mwaka huo huo picha ya moshi mkubwa karibu na makao makuu ya jeshi la Marekani, Pentagon, iliyumbisha soko la hisa kwa dakika kadhaa, hadi kikosi cha zimamoto cha eneo hilo kilipotangaza kwamba hakuna mlipuko wowote.

Kisa cha pili kinafundisha kuliko cha kwanza. Usipoteze muda kuhesabu vidole vya mtu pichani. Programu zinazidi kuboreka na dalili hizo zinapotea. Uliza badala yake: tukio kubwa kama hili limetokea mchana, mahali penye watu, mbona kuna picha moja tu ya pembe moja? Wako wapi waliokuwa jirani? Kisha weka picha kwenye huduma ya kutafuta kwa picha, kama Google Lens au TinEye, uone ilionekana lini kwa mara ya kwanza. Udanganyifu mwingi hauhitaji hata akili mnemba: ni picha halisi ya miaka mitano nyuma, imepewa maelezo mapya. Kwa video, igandishe kwenye tukio muhimu, piga picha ya skrini, utafute kwa hiyo.

## Hatua ya 8: Ukiitumia akili mnemba, ifanye msaidizi wa njiani, si shahidi

Programu hizi zinafaa kukueleza mkengeuko sanifu kwa lugha nyepesi, au kukupa maneno ya kutafutia. Hazifai kukupa marejeleo usiyoyafungua mwenyewe. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilibuniwa na programu, zikiwa na majina na tarehe kamili. Kanuni ni fupi: kichwa cha makala usichokipata mwenyewe kwenye jarida lenyewe, hakipo. Akili ya kuambiwa, changanya na yako.

## Hatua ya 9: Swali likiwa la mwili wako

Maswali mengi ya afya ambayo wanafunzi huyaita "mada ya utafiti" ni yao binafsi. Naheshimu hilo, na sitaki umwambie mtu yeyote usiyetaka ajue. Lakini utafiti hujibu kuhusu watu kwa wingi wao, haujui kuhusu wewe. Ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida baada ya kinywaji chochote, funga kompyuta uende hospitali sasa hivi. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie leo mtu mzima unayemwamini, au nesi, au mshauri wa shule, hata kama sentensi itatoka vipande vipande. Kwa mengine, andika maswali matatu kwenye karatasi uende nayo kwa daktari. Aibu hupungua ukiwa na karatasi mkononi.

Na swali likiwa la mwili wa mtu mwingine, hata awe nyota, jizuie. Mwaka 2020 watu walimkejeli mwigizaji Chadwick Boseman mtandaoni kwa jinsi alivyokonda. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka huo kwa saratani ya utumbo mpana, aliyokuwa ameishi nayo tangu 2016 bila kuitangaza. Afya ya mtu aliye hai ambaye hajaizungumzia mwenyewe haifai kuwa mada ya darasa.

## Hatua ya 10: Andika jibu lenye kiwango cha uhakika

Rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Chini ya dai lako andika mistari minne: nilichokuta, chanzo cha kwanza kabisa nilichofikia, nina uhakika kiasi gani, na nini kingenibadilisha mawazo. Kwa uhakika tumia maneno, si namba za kubuni: "ushahidi una nguvu", "unaelekea huku lakini tafiti ni chache", "haujakubaliana". Kinywaji cha jioni na kiwango cha kafeini: una nguvu. Marufuku ya simu na maksi: haujakubaliana. Laana ya miaka 27: hakuna ushahidi, ila hatari kwa wanamuziki vijana kwa jumla ni ya kweli.

Weka tarehe uliyosoma, maana kurasa hubadilishwa kimyakimya. Hifadhi nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambako mtu yeyote anaweza kubandika anwani na kuitunza bila malipo, kisha nakili anwani ya nakala hiyo kwenye daftari lako. Kama ulikuwa umeshalisambaza dai kabla ya kulichunguza, rudi kwenye kundi lile lile ulikolituma, uandike ulichokuta na ubandike kiungo cha chanzo.